Kadhi na Nasaba Yake: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Uandishi wa Historia ya Ukoo

Utangulizi

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) anafahamika vyema miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili kama mwanachuoni aliyeanzisha magazeti, akaandika vitabu vya dini kwa lugha ya Kiswahili, na hatimaye akafikia cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi yake moja, hata hivyo, imebaki pembezoni mwa uhakiki wa fasihi. Kazi hiyo ni historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa, ambayo aliiandika kwa Kiarabu na ambayo haikuchapishwa katika uhai wake. Ilipotolewa na Oxford University Press kwa niaba ya British Academy mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya J. McL. Ritchie, iliwafaa zaidi wanahistoria kama chanzo cha habari: nani alitawala lini, na nani alipigana na nani. Swali la mwandishi mwenyewe, yaani alikuwa mtu wa aina gani na alipima ukweli kwa mizani ipi, ni swali la mhakiki, na ndilo linaloshughulikiwa katika makala haya.

Swali hilo lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, mwandishi alikuwa mwanasheria. Pili, ukoo alioutafiti ulikuwa wake mwenyewe. Kadhi ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku humtaka apokee madai ya watu kuhusu baba zao na babu zao, ayachambue, ayakubali au ayakatae, kisha atoe hukumu ambayo huenda ikamfukarisha mmoja na kumtajirisha mwingine. Mtu wa namna hiyo anapogeuka na kuandika habari za ukoo wake, anaingia katika kesi ambayo yeye mwenyewe ni hakimu, shahidi na mdai kwa wakati mmoja. Makala haya yanadai kwamba sheria ile ile aliyoisomea inatupa kanuni ya kuisomea historia yake: ushahidi wa jamaa huwa dhaifu pale unapomfaa jamaa, na huwa na nguvu pale unapomwelemea.

Malezi ya Kadhi

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, miaka 54 baada ya Seyyid Said bin Sultan kuuangusha utawala wa jamaa zake katika mji huo. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa mwanachuoni na kadhi wa madhehebu ya Shafi. Zama za Seyyid Barghash alitiwa gerezani Unguja kutokana na msimamo wake wa kimadhehebu, kwani watawala wa Kibusaidi walikuwa Maibadhi, na hao Wamazrui wenyewe walikuwa Maibadhi walipotoka Omani kabla ya wengi wao kuingia katika Ushafi wa wenyeji wa pwani. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alipata kuwa Kadhi Mkuu.

Baada ya masomo ya Mombasa, Sheikh Al-Amin alisoma Unguja kwa mabingwa wawili wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote walifariki mwaka 1925. Aidha, aliathiriwa sana na fikra za wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, hasa kupitia jarida la al-Manar la Kairo. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Mwaka huo huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho hadi alipofariki mwaka 1947. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, nao wote wawili walikuja kukikalia kiti hicho hicho.

Katika maelezo haya mafupi kuna silsila mbili zinazopaswa kutofautishwa. Moja ni silsila ya damu, ambayo humfunga mtu kwa baba na babu. Ya pili ni silsila ya elimu, ambayo humfunga kwa mwalimu na mwalimu wa mwalimu. Mwanachuoni wa pwani aliishi ndani ya zote mbili, na katika zote mbili aliulizwa swali moja: umeyapokea haya kutoka kwa nani? Farsy, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, aliiandika silsila ya pili. Mwalimu wake aliiandika ya kwanza. Mbinu za kazi hizo mbili zina asili moja, nayo ni ile tabia ya elimu ya Kiislamu ya kutoikubali habari mpaka ijulikane imepita katika vinywa vya nani.

Nasaba Mbele ya Sheria

Ni rahisi kudhani kwamba nasaba ni pambo: karatasi ya kutundikwa ukutani, au orodha ya majina ya kutajwa harusini. Katika mahakama ya kadhi haikuwa hivyo. Tuchukue mfano wa mirathi. Mtu amefariki akaacha mjane mmoja na binti mmoja, asiache mwana wa kiume, wala baba, babu au ndugu. Kwa sheria ya faradhi mjane atapata thumuni na binti atapata nusu. Zinabaki thumuni tatu, na hizo huenda kwa asaba, yaani mwanamume aliye karibu zaidi na marehemu kwa upande wa kuumeni. Mtu huyo anaweza kuwa mjukuu wa ami ya babu, anayeishi mbali, na ambaye hakupata kuonana na marehemu hata mara moja. Thumuni tatu za shamba la minazi zinategemea uwezo wake wa kuthibitisha majina manne au matano. Jina moja likikosewa, mali inakwenda kwingine.

Hali ni hiyo katika mambo mengine pia. Walii wa kumwozesha mwanamwali hujulikana kwa nasaba. Suala la kufuu katika ndoa, yaani ulinganifu wa mume na mke, huingiza nasaba katika nyumba ambazo hazikuwa na haja ya kuitaja. Wakfu uliowekwa kwa kizazi cha fulani hauwezi kugawanywa mpaka ijulikane nani ni wa kizazi hicho na nani si wake. Kwa hiyo kadhi wa Mombasa alikuwa, atake asitake, mtafiti wa nasaba za mji mzima.

Sheria ilimpa pia njia za kuthibitisha. Kuna kukiri, mtu anapomkubali mwenziwe kuwa ni wake. Kuna mashahidi waadilifu. Tena kuna njia ya tatu ambayo mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuizingatia, nayo ni istifadha: habari iliyoenea na kusikika kwa watu wengi kiasi kwamba haielekei kuwa walikula njama ya kusema uongo. Katika kesi za kawaida shahidi hutakiwa awe amelishuhudia jambo mwenyewe. Nasaba ni mojawapo ya mambo machache ambayo fikihi ya Shafi huruhusu yashuhudiwe kwa istifadha, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kushuhudia kwa macho kuzaliwa kwa babu wa babu yake.

Hapa pana jambo la kutafakari. Jan Vansina alipochapisha kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961, aliwafungulia wanahistoria wa Afrika mjadala mrefu kuhusu iwapo masimulizi ya mdomo yanaweza kuwa ushahidi, na kwa masharti gani. Katika mahakama za pwani suala hilo lilikuwa limekwisha kuwekewa kanuni zamani, na kanuni hizo zilitumika katika kugawanya mali za watu. Kadhi hakuhitaji kushawishiwa kwamba neno la mzee lina thamani. Alichohitaji kujua ni mzee huyo alilisikia kwa nani, wangapi wanakubaliana naye, na je, ana faida gani akiaminiwa?

Nasaba Mbele ya Serikali

Zama za Sheikh Al-Amin swali la nasaba halikuulizwa mahakamani kwa kadhi peke yake. Serikali ya kikoloni nayo iliuliza, na kwa makusudi yake yenyewe.

Alipokuwa mtoto wa miaka minne, ugomvi wa urithi wa uongozi wa Takaungu uligeuka vita. Salim bin Khamis alipofariki mapema mwaka 1895, Mubarak bin Rashid aliyaona madai yake kuwa na nguvu zaidi, lakini kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiitawala pwani ikamtambua Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, aliyekuwa kijana na aliyeelekea kuifaa kampuni hiyo. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akajiunga na upande wa waliokataa. Vita hivyo viliendelea baada ya serikali ya Uingereza kuichukua pwani kutoka kwa kampuni mwezi Julai 1895, vikamalizika mwaka 1896 Mbaruk alipovuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Hivyo basi, kosa la mgeni katika kuamua nani ni mkubwa katika ukoo liligharimu maisha ya watu wengi na kuvunja kabisa nguvu za kisiasa zilizokuwa zimebaki kwa Wamazrui.

Kisha ikaja ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wakazi wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi mbele ya afisa wa serikali, wayathibitishe, na wapewe hati. Kadhi aliachiwa ndoa, talaka na mirathi, lakini uamuzi wa nani ana shamba ukaingia katika ofisi nyingine, yenye lugha nyingine na mizani nyingine ya ushahidi. Ardhi ya Wamazrui wa upande wa Takaungu iliwekwa chini ya amana kwa mujibu wa sheria maalumu, hadi sheria hiyo ilipofutwa na Bunge la Kenya mwaka 1989. Maadamu amana hiyo ilikuwapo, kuwa Mmazrui hakukuwa suala la fahari tu. Lilikuwa suala la kuwamo au kutokuwamo katika orodha ya wenye haki. Ni vyema pia kukumbuka kwamba palipo na amana ya ukoo mmoja, wapo watu wengine waliolima na kuzika wafu wao katika ardhi hiyo hiyo bila ya kuwa na jina katika orodha yoyote.

Zaidi ya hayo, sheria za ukoloni zilimgawa mkazi wa nchi kuwa ama "mwenyeji" ama "asiyekuwa mwenyeji", na mgawanyo huo uligusa kodi, huduma na uwakilishi. Waarabu walipopewa kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wa Thenashara Taifa, ambao ndio Waswahili wa Mombasa wa Tisa Taifa na Thelatha Taifa, walinyimwa kura hiyo. Chama cha Waarabu wa Pwani kiliundwa mwaka 1921, na mwaka 1927 watu wa Thenashara Taifa wakaunda chama chao. Familia zilizokuwa zimeoana kwa vizazi kadhaa zilijikuta zikitakiwa kuonyesha, kwa hoja na kwa karatasi, kwamba baba zao walitoka upande gani wa bahari. Mtu aliyeandika nasaba ya Kiarabu katika Mombasa ya miaka hiyo hangeweza kuiandika bila ya kujua kwamba ingeweza kutumiwa kama cheti.

Tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi kwa mwanamageuzi. Fundisho la Qur'ani ambalo wanafunzi wa al-Manar walilisisitiza ni kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana, na kwamba ubora hupimwa kwa uchaji Mungu. Katika makala zake za Kiswahili, ambazo baadaye zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, Sheikh Al-Amin aliwakemea Waislamu wa pwani kwa uzembe, kwa kuipuuza elimu, na kwa kuwaiga Wazungu katika mambo yasiyo na maana. Kuwaandikia watu kama hao kitabu cha kuwakumbusha ukubwa wa mababu kungeweza kuwa kuwapa mto wa kulalia. Historia ya ukoo ingeweza kuhalalishwa kwa njia moja tu: iwe somo la jinsi dola inavyopatikana na jinsi inavyopotezwa.

Shahidi Dhidi ya Jamaa Zake

Turudi sasa kwenye kanuni ya ushahidi. Kwa mujibu wa fikihi ya Shafi, kama ilivyofundishwa pwani kwa vizazi kupitia Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi, ushahidi wa mzazi kwa faida ya mwanawe haukubaliwi, wala wa mwana kwa faida ya mzazi wake. Vivyo hivyo kadhi hawezi kujihukumia mwenyewe wala kuwahukumia wazazi na watoto wake kwa faida yao. Sababu yake ni tuhuma: hata mwadilifu huelemea upande wa damu yake. Lakini ushahidi ukiwa dhidi ya hao jamaa, tuhuma inaondoka, na ushahidi unapokewa. Kanuni hii inahusu wazazi na watoto. Hata hivyo, kwa njia ya kiasi inaweza kutumika kama mizani ya kusomea historia yoyote ya ukoo iliyoandikwa na mtu wa ukoo.

Mizani hiyo ina kazi kubwa ya kufanya, kwa kuwa historia ya Wamazrui haiwezi kusimuliwa kwa ukamilifu bila ya mambo mazito yanayowaelemea wao wenyewe. Waomani waliiteka Fort Jesus kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Katika miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman Mazrui aliwekwa kuwa liwali wa Mombasa, na Ahmad bin Said Albusaidi alipotwaa madaraka Omani, Muhammad alikataa kumtii, akauawa mwaka 1746 kwa njama iliyopangwa huko. Hadi hapo ukoo ni wenye kudhulumiwa, na shahidi wa jamaa anasimulia kwa raha. Lakini ndugu yake, Ali bin Uthman, aliyeirudisha ngome na kuuimarisha utawala, aliuawa katika miaka ya 1750 alipokuwa akikaribia kuitwaa Unguja, na aliyemuua ni jamaa yake mwenyewe, Khalaf bin Qadhib. Unguja ikaponyoka. Yumkini hakuna tukio lingine lililobadilisha mwelekeo wa historia ya pwani kwa kisu kimoja kama hilo, na kisu hicho kilishikwa na Mmazrui.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwishoni. Kushindwa kwa Mombasa na Pate katika vita vya Shela, takriban mwaka 1812, kuliufungulia ukoo wa Busaidi mlango wa Lamu. Mwaka 1824 Wamazrui walipandisha bendera ya Uingereza kwa makubaliano na nahodha Owen, wakitaraji kujikinga na Seyyid Said, na mwaka 1826 ulinzi huo ukaondolewa. Mwaka huo huo Suleiman bin Ali alikuwa amekwisha kuondolewa, na Salim bin Ahmad akashika mahali pake. Salim alipofariki mwaka 1835, mizozo ya nani amrithi iliugawa ukoo na mji, na Seyyid Said, ambaye mashambulizi yake ya awali hayakuwa yamempa Mombasa, akaingia mwaka 1837 kwa njia iliyopitia katika ufa huo. Wakuu wa Wamazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na huko wakaangamia. Waliosalia waligawanyika, wengine wakaelekea Gazi na wengine Takaungu.

Washindi nao walikuwa na waandishi wao. Tarikhi ya maimamu na maseyyid wa Omani iliyoandikwa na Ibn Ruzaiq, na kutolewa kwa Kiingereza na G. P. Badger mwaka 1871, inawatazama Wamazrui kutoka Maskati, na kutoka huko mtu wa Mombasa asiyetii huonekana kuwa mwasi. Kwa hiyo historia iliyoandikwa na Mmazrui ni jibu katika kesi iliyokwisha kusikilizwa upande mmoja. Hapo pana haki ya kusemewa. Hata hivyo, nguvu ya jibu hilo mbele ya msomaji asiye na upande haitokani na yale yanayosemwa juu ya udhalimu wa Wabusaidi, maana hayo yangesemwa na jamaa yeyote. Inatokana na kukiri kwamba nyumba ilibomolewa kwanza kutoka ndani. Mtu anayetaka kujua iwapo kadhi alibaki kadhi alipokuwa akiandika, na asome kwa makini zaidi kurasa za Khalaf na za mizozo ya urithi kuliko kurasa za ushindi.

Si Sheikh Al-Amin peke yake aliyehifadhi kumbukumbu ya zama hizo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840, alikuwa upande wa Wamazrui, na tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor kabla ya kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Mwaka huo Sheikh Al-Amin alikuwa Kadhi Mkuu. Mombasa, kwa hiyo, ilikuwa na mashahidi wawili wa dola iliyoanguka: mshairi aliyeishi ndani ya matukio na kusema kwa hasira na mapenzi ya siku ile ile, na kadhi aliyekuja karne moja baadaye na kuyapanga matukio hayo kwa utaratibu. Mhakiki akimsoma mmoja bila ya mwenzake, atakuwa amesikiliza nusu ya kesi.

Walioachwa Nje ya Mti

Mizani ya ushahidi, pamoja na ubora wake, ina mpaka. Inampima shahidi kwa yale anayoyasema. Haina uwezo wa kumpima kwa yale ambayo umbo la kazi yake halimruhusu kuyasema.

Nasaba hufuata kuumeni. Fulani bin fulani bin fulani: kila "bin" ni mlango ambao nyuma yake yumo mwanamke asiyetajwa. Wamazrui walioa Mombasa, walioa katika miji na vijiji vya pwani, na wenye uwezo miongoni mwao waliweka masuria. Sheria ya Kiislamu humpa mwana wa suria aliyekubaliwa na baba yake haki sawa na ya mwana wa mke wa ndoa, na kwa hiyo mti wa nasaba humwandika kama mwenzake yeyote. Hiyo ni insafu kwa mtoto. Lakini insafu hiyo hiyo humfuta mama, kwa kuwa asili yake haina nafasi katika mstari. Mashamba ya Takaungu na Gazi yalilimwa na watumwa, nao pia walikuwa na mababu ambao hakuna kadhi aliyeulizwa kuwathibitisha.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi kama wasia wa kuhifadhi mila, na ni nadra kuulizwa swali lililo wazi: mtumwa mwenyewe aliiacha asili yake, au alinyang'anywa? Katika jamii ambayo kujua majina saba ya mababu kulikuwa dalili ya uungwana, kutoyajua kulihesabiwa kuwa dosari ya mtu, hali kilikuwa kidonda alichotiwa na wengine. Masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa mwaka 1989 yanaonyesha jinsi mji ule ule unavyokuwa na sura nyingine unaposimuliwa na wanawake, wakiwamo wenye asili ya utumwa. Kuyasoma masimulizi hayo sambamba na historia ya kadhi si kumvunjia kadhi heshima. Ni kukamilisha idadi ya mashahidi.

Lugha Mbili za Mwandishi Mmoja

Jambo la mwisho linahusu lugha. Mwandishi yule yule aliyewahutubia watu wa Mombasa kwa Kiswahili katika Sahifa, na kwa Kiswahili na Kiarabu katika Al-Islah, aliiandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu. Uamuzi huo una mantiki yake. Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu, lugha ya hati za kadhi, na lugha ya Omani, ambako nasaba inaanzia na ambako hukumu ya washindi ilikuwa imeandikwa. Anayejibu mashtaka hujibu kwa lugha ya mahakama.

Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa na gharama. Wamazrui wa Mombasa, Gazi na Takaungu walikuwa watu wa Kiswahili. Lugha hiyo hawakuja nayo kutoka Omani. Iliingia nyumbani kupitia kwa wanawake wale wale ambao mti wa nasaba hauwataji. Hivyo Kiswahili chenyewe ni ushahidi wa kuukeni, na kila Mmazrui aliyefungua kinywa chake alikuwa akiitaja asili ambayo shajara haikuiandika. Historia ya baba ikakaa katika lugha iliyosomwa na wachache, na mawaidha kwa umma yakakaa katika lugha ya mama. Kwa miaka mingi wasomaji wa Uwongozi hawakuwa na njia rahisi ya kuifikia historia, na wasomaji wa historia, walipoipata mwaka 1995, wengi waliipata kupitia Kiingereza. Tafsiri ya Uwongozi iliyotolewa na Kai Kresse na Hassan Mwakimako mwaka 2017 imeziweka kazi hizo mbili karibu zaidi, lakini kwa lugha ya tatu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utafiti wa Sheikh Al-Amin kuhusu ukoo wake hauwezi kutenganishwa na kazi yake ya sheria. Nasaba kwake ilikuwa jambo la ushahidi, lenye mali, ndoa na hadhi za watu ndani yake, na aliishi katika wakati ambapo serikali ya kigeni ilikuwa imeigeuza kuwa kibali cha kuingilia au kufungiwa nje. Kuiandika nasaba yake mwenyewe katika hali hiyo kulikuwa mtihani wa uadilifu, na mizani ya kumpimia ni ile aliyoifundisha: aaminiwe zaidi pale anapowaelemea walio wake. Mizani hiyo itumike, lakini isiwafiche wale ambao hawakuitwa kutoa ushahidi.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyeachwa yatima wa baba akiwa na umri wa miaka 14, hakufuata njia ya ukadhi. Aliandika kwa Kiingereza, akaishi miaka mingi Marekani, na akajulikana ulimwenguni kwa hoja yake kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa kienyeji, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mtu akiitazama hoja hiyo kutoka Mombasa, ataona kwamba ni nasaba pia, ila imepanuliwa hadi ikakubali kuwa na zaidi ya mzazi mmoja. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa nyumbani, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Fort Jesus ambayo jamaa zake waliitawala na kuipoteza. Wanafunzi wa Kiswahili wana deni la kazi moja katika habari hii yote, nayo ni kuitoa historia ya kadhi kutoka Kiarabu na kuiweka katika lugha aliyozungumza na mama yake.